Kwa nini Mungu alimjibu Ayubu kwa habari za mvua na mbuni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwaka jana kaka yangu alichukuliwa na mafuriko akivuka mto usiku kurudi nyumbani. Siku ya mazishi mhubiri alisoma Ayubu sura ya 38, pale Mungu anaposema kwamba ndiye aliyeifungia bahari milango na kuyaambia maji yaishie hapa. Nikajiuliza, kama milango anayo yeye, usiku ule nani aliifungua? Nimeisoma sehemu hiyo tena na tena. Mtu amefiwa na watoto kumi, anaambiwa habari za mbuzi wa milimani na mbuni. Naona kama anakejeliwa. Naomba unieleze watu wa Agano la Kale waliona faraja gani katika maneno haya, na kama kuna sehemu nyingine ninayoweza kusoma na wanawe kaka.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole sana kwa kuondokewa na kaka, na pole tena kwa kuwa maneno yaliyosomwa ili yakufariji yamekuachia kidonda kingine.

Nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo. Siamini kwamba Mungu anamkejeli Ayubu katika sura ya 38 hadi 41, ingawa naelewa kabisa kwa nini ulisikia hivyo. Wala siamini kwamba sura hizo zinaeleza kwa nini mtu fulani alikufa. Kazi yake ni nyingine: zinavunja hoja ya wale waliosema kwamba mvua, upepo, mti na mnyama ni mashahidi wa dhambi za aliyepatwa na msiba. Sura hizo zimekuja baada ya mabishano marefu, na mtu asiyejua nini kilitangulia kusemwa hawezi kuzisikia vizuri. Ndiyo maana zikisomwa peke yake kando ya kaburi husikika kama karipio.

Turudi kwenye sura ya kwanza. Wajumbe wanne wanamfikia Ayubu mmoja baada ya mwingine, mwenzake angali akisema. Wa kwanza analeta habari za Waseba waliopora ng'ombe na punda. Wa pili anasema moto umeshuka kutoka mbinguni ukateketeza kondoo pamoja na wachungaji. Wa tatu anasema Wakaldayo wamewachukua ngamia. Wa nne ndiye mwenye habari nzito kuliko zote: upepo mkubwa ulitoka upande wa jangwani, ukaipiga nyumba pembe zake nne, ikawaangukia vijana wakiwa wanakula kwa kaka yao mkubwa. Misiba miwili imeletwa na watu, miwili imeletwa na anga. Kwa wizi, Ayubu anaweza kumtaja mtu. Kwa upepo hana wa kumtaja ila Mungu.

Hofu hiyo anaitamka wazi katika 9:17: hata akimwita Mungu, anaogopa Mungu atamponda kwa tufani. Na sura ya 38 inapofunguka, Mungu anamjibu kutoka ndani ya tufani. Mtunzi hakuusahau upepo ulioibomoa ile nyumba. Amemsimamisha baba aliyefiwa mbele ya kitu cha aina ileile iliyowachukua wanawe, kisha sauti inatokea humo. Kwa hiyo swali lako la milango halitoki nje ya kitabu, wala si dalili ya imani haba. Limo ndani ya kitabu tangu mwanzo.

Sasa tuitazame nchi yenyewe, maana taswira za Waebrania zilitoka kwenye udongo waliokanyaga. Nchi ile haikuwa na mto mkubwa wa kumwagilia mashamba kama Misri. Kumbukumbu la Torati 11 inalisema hilo waziwazi: kule Misri mlimwagilia kwa miguu kama bustani ya mboga, huku mnakokwenda nchi hunywa maji ya mvua ya mbinguni. Mvua hunyesha takriban kuanzia Oktoba hadi Aprili, kisha inafuata miezi mikavu kabisa. Yerusalemu, iliyo juu ya vilima, hupata milimita 500 hivi kwa mwaka, lakini ukiteremka mashariki kuelekea Bahari ya Chumvi, safari ya siku moja hivi kwa miguu, kiwango hicho kinashuka hadi milimita 100 na chini yake. Mlima mmoja, upande huu ngano, upande ule jangwa.

Watu walioishi hivyo walijifunza kuisoma mvua kama barua. Sura hiyohiyo ya 11 inasema mkitii, nitawapa mvua kwa wakati wake, ya masika na ya vuli. Mkigeukia miungu mingine, mbingu zitafungwa na ardhi haitatoa mazao. Lilikuwa neno kwa taifa zima kuhusu agano. Nabii Amosi analitumia vivyo hivyo: mji huu ulipata mvua, ule haukupata, wala hamkurudi. Hadi hapo sina ugomvi nalo. Tatizo lilianza watu walipolichukua neno la taifa wakalibandika juu ya mtu mmoja aliyekaa majivuni, kwamba shamba lako limekauka, basi kuna ulichofanya.

Hicho ndicho wanachofanya rafiki za Ayubu, na silaha yao kubwa ni viumbe vya Mungu. Elifazi anataja simba aliyevunjika meno. Sofari anataja furaha ya mwovu isiyodumu. Lakini nataka tumtazame Bildadi kwa karibu, katika sura ya 8. Anamwambia Ayubu kwamba kama wanawe walimkosea Mungu, basi Mungu amewatia mkononi mwa kosa lao. Hayo anamwambia mtu aliyenyoa kichwa chake kwa msiba. Halafu, mistari michache tu mbele, sauti yake inageuka kuwa ya mshairi: je, mafunjo yaweza kuota pasipo matope, na makangaga kukua pasipo maji? Yangali mabichi, kabla ya kukatwa, hukauka kuliko majani mengine yote. Ndivyo ilivyo njia ya wote wamsahauo Mungu. Taswira ni nzuri, na yeyote aliyewahi kuona kinamasi kikikauka anajua ni ya kweli. Ila imewekwa pale ili iseme kwamba watoto kumi walikauka kwa sababu mizizi yao haikuwa mahali pake. Kwangu mimi huu ndio ukatili mkubwa kuliko wote katika kitabu kizima, kwa sababu umevikwa uzuri. Mtu akikutukana unajua umetukanwa. Akikusomea habari za mafunjo, unakwenda nyumbani unajilaumu.

Ayubu naye anavijua viumbe, pengine kuliko wao, lakini anavitumia kusemea maumivu. Katika sura ya 6 anawafananisha rafiki zake na mto wa msimu, lile korongo ambalo wakati wa baridi hufurika maji meusi yenye barafu na theluji, na jua likiwaka hutoweka pasipo alama. Misafara kutoka Tema, ule mji wa chemchemi kaskazini mwa Arabuni, inaacha njia yake kuyafuata maji hayo. Wasafiri wa Sheba wanayatumainia. Wanafika, wanakuta mchanga, wanaaibika kwa kuwa walitumaini. Tazama neno analochagua: waliaibika. Kiu ni taabu tosha, ila yeye anaona aibu pia, ya mtu aliyemtegemea mwenzake mbele za watu halafu akaachwa. Wewe umefiwa, dada yangu, na nadhani unajua kwamba msibani kuna watu wa namna hiyo, wanaokuja wengi wakati wa mvua.

Kuna na ule mti wa sura ya 14, ambao nimeusoma kwa miaka mingi na bado haujaniishia. Ayubu anasema mti una tumaini. Ukikatwa utachipuka tena. Hata mzizi wake ukizeeka ardhini na kisiki chake kufa mavumbini, kwa harufu tu ya maji utachanua na kutoa matawi kama mche mpya. Wenye mizeituni katika nchi ile wanalijua jambo hili kwa macho: mzeituni mkongwe ukikatwa, machipukizi huota kuuzunguka shina. Kisha anageuka ghafla. Lakini mwanadamu hufa, akalala; hutoa roho, naye yuko wapi? Hapa maumbile hayamfariji hata kidogo. Yanamwonea kwa kuwa na kitu ambacho mwanawe hana. Anatazama kisiki kikichipuka na anaona wivu. Kama tangu msiba umewahi kukasirika kuona mahindi yamestawi kando ya mto uleule, hujakufuru. Ayubu alipita hapo kabla yako, na maneno yake yakawekwa kwenye Maandiko.

Niongeze sehemu moja nje ya Ayubu, kwa sababu inaonyesha kwamba Waebrania hawakudhani kila kiumbe kinachoteseka kina hatia. Yeremia 14 inaeleza ukame. Wakubwa wanawatuma vijana kwenye mabirika, wanarudi na vyombo vitupu, wamefunika vichwa. Halafu nabii anawaacha watu na kutazama porini: ayala amezaa, kisha amemwacha mtoto wake, kwa kuwa hakuna majani. Punda mwitu wamesimama juu ya vilele vikavu wakihema kama mbweha, macho yao yamekwisha nguvu. Sura ile ni ya taifa lililokosa, nayo inalikiri kosa hilo. Lakini yule ayala hakukosa kitu. Yeremia amempa mstari mzima, na hakumtafutia sababu.

Haya, sasa tufike kwenye sura ya 38.

Wengi husema hoja ya Mungu pale ni uwezo: mimi ni mkubwa, wewe ni mdogo, nyamaza. Tatizo ni kwamba Ayubu alikwisha kuukiri uwezo huo katika sura ya 9. Alisema mwenyewe kwamba Mungu huhamisha milima, huliamuru jua lisichomoze, ndiye aliyezifanya nyota za Orioni na Kilimia. Uwezo haukuwa ugomvi wao hata siku moja. Ugomvi ulikuwa kama mwenye uwezo huo anajali, na kama msiba ni hukumu. Kwa hiyo ni lazima tutafute kitu ambacho Ayubu hakuwa nacho kabla ya hapo.

Cha kwanza ni bahari. Umeisoma kama mnyama aliyefungiwa, na mhubiri bila shaka aliisoma hivyo. Lakini soma taratibu mistari ya 8 na 9. Bahari inatoka tumboni. Inavikwa wingu kama vazi, na giza nene kama nguo za kumvingirishia mtoto mchanga. Ile bahari iliyoogopwa na baadhi ya majirani wa Israeli kama adui wa miungu, hapa ni kichanga kinachofunikwa na mkunga. Tena taswira hii inajibu jambo. Katika sura ya 3 Ayubu alilaani usiku aliozaliwa kwa kuwa haukuifunga milango ya tumbo la mamaye. Katika 7:12 alilalamika: je, mimi ni bahari, hata uniwekee walinzi? Sasa tumbo, milango, bahari na ulinzi vinarudi vyote pamoja. Kila kitu alichokirusha gizani kimeokotwa. Asiyesikiliza hawezi kujibu hivyo.

Cha pili ni mvua, na hapa ndipo naona uzito wa hotuba yote. Mistari ya 25 hadi 27 inauliza ni nani aliyechimba mfereji kwa ajili ya gharika ya maji, ili mvua inyeshe katika nchi isiyo na watu, jangwani asikokaa mwanadamu, kuishibisha ardhi iliyo ukiwa na kuyachipusha majani mabichi. Iweke kando ya Kumbukumbu la Torati 11. Kule mvua ni malipo. Hapa inanyesha mahali ambapo hakuna mtu wa kulipwa wala wa kuadhibiwa. Jangwa halina mema wala maovu, na bado linapata mvua. Kwa mistari mitatu tu Bildadi amenyang'anywa silaha, kwa sababu kama kuna mvua isiyo malipo, basi kuna ukame usio adhabu, na kuna mafuriko yasiyo hukumu. Mungu hamtaji Bildadi pale, lakini aliyefuata mabishano tangu mwanzo anasikia.

Cha tatu ni wanyama. Watazame ni wanyama gani. Hakuna kondoo, hakuna ng'ombe wa kulimia, hakuna ngamia, yaani hakuna hata mmoja kati ya wale waliokuwa mali ya Ayubu. Farasi wa vita ndiye pekee anayepandwa na mtu, na hata yeye anasifiwa kwa ushujaa wake. Wengine ni simba, kunguru, mbuzi wa milimani, ayala, punda mwitu, nyati, mbuni, mwewe, tai. Ni wakazi wa maporomoko na jangwa. Nao hawakuwa hadithi kwa wasomaji wa kwanza. Simba walikuwepo katika nchi ile hadi zama za kati. Mbuni wa Arabuni aliishi kwenye majangwa hayo mpaka karne ya 20, na punda mwitu wa Shamu aliangamia mwaka 1927. Mbuzi wa milimani bado utamwona leo kwenye miamba ya En-gedi, juu ya Bahari ya Chumvi. Mwewe anayeruka kuelekea kusini katika 39:26 ni jambo la kila mwaka: nchi ile ni njia kuu ya ndege wanaohama kati ya Ulaya, Asia na Afrika, na baadhi ya vipanga na tai tunaowaona Afrika Mashariki miezi ya Novemba na Desemba wamepita juu ya ardhi ya Ayubu.

Kwa nini mbuni? Katika 30:29, akiwa amefukuzwa na kutemewa mate, Ayubu alisema amekuwa ndugu wa mbweha na mwenzake mbuni. Katika 24:5 alisema maskini ni kama punda mwitu, wanatoka alfajiri kutafuta chakula nyikani, wanalowa kwa mvua ya milimani, wanaukumbatia mwamba kwa kukosa pa kujisitiri. Hao walikuwa majina yake ya aibu na ya ukiwa. Sasa Mungu anamwonyesha wale wale. Punda mwitu yuko huru, anaucheka mshindo wa mji, na nyika ndiyo nyumba aliyopewa. Mbuni anataga mayai chini, hana akili ya kuyalinda, lakini akiinuka kukimbia anamcheka farasi na mpanda farasi. Mungu hamwambii Ayubu kwamba hayuko nyikani. Anamwonyesha kwamba nyika nayo ina wenyewe, na kwamba macho yake yapo huko. Sioni kejeli hapa. Anayetaka kumkejeli mtu humwita mbuni. Hapa Ayubu ndiye aliyejiita mwenzake mbuni, na Mungu akakubali kuzungumza habari za mbuni.

Sitakuficha kwamba kuna mistari migumu. Katika 39:4 watoto wa mbuzi wa milimani hupata nguvu, hukua, huenda zao wala hawarudi tena. Anaambiwa hivyo baba ambaye wanawe kumi hawatarudi. Na hotuba ya kwanza inafungwa na makinda ya tai yanayonyonya damu, tena mahali walipo waliouawa, yaani watu. Simba analishwa, maana yake swala amekufa. Mungu wa sura hizi haisafishi dunia ili ionekane njema. Anaionyesha na damu yake, na katika orodha yote, kuanzia msingi wa dunia hadi damu ile, hasemi hata mara moja kwamba kiumbe fulani kimekufa kwa sababu ya kosa la mtu. Wala hasemi kwamba Ayubu alikosa ndiyo maana akafiwa. Rafiki zake walilisema jambo hilo kwa muda mrefu wa kuchosha, na Mungu, aliyekuwa na nafasi ya kulisema, hakulisema.

Sura ya 40 na 41, zenye wale wanyama wawili wakubwa ambao Biblia ya Union inawaita kiboko na mamba, nitazipita haraka. Nitaje jambo moja tu. Katika laana yake ya sura ya 3, Ayubu aliuombea usiku wake usizione kope za mapambazuko. Taswira hiyo ya kope za mapambazuko inarudi mara moja tu katika Biblia nzima ya Kiebrania, katika 41:18, na safari hii ni macho ya yule mnyama wa kutisha. Alfajiri ambayo Ayubu aliitaka izimwe inamulika kutoka kwenye uso wa kitu anachokiogopa kuliko vyote. Kila mtu ataielewa kwa namna yake. Mimi naona mtunzi anatuambia kwamba hotuba imeufikia mwisho wa laana ile, neno kwa neno.

Sasa swali lako: nani aliifungua milango? Kitabu hakisemi, na mimi sitajaza pale kilipokaa kimya. Sisi wasomaji tuliambiwa habari za baraza la mbinguni katika sura mbili za mwanzo, pale Shetani anapopewa ruhusa ya kumjaribu Ayubu. Ayubu hakuambiwa, hata mwisho. Sura ya 38 inasema maji yana mpaka. Haisemi kwamba hakuna atakayekufa ndani ya mpaka huo. Mtu anayekwambia kwamba kaka yako alichukuliwa ili fulani ajifunze, au kwa kuwa alitoka usiku bila kuomba, amesema zaidi ya alivyosema Mungu kwa Ayubu. Na katika 42:7 Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo kweli kumhusu kama alivyonena Ayubu. Wale waliomtetea Mungu kwa mafunjo na simba ndio wanaotakiwa kuleta sadaka, na aliyepiga kelele ndiye anayewaombea.

Faraja basi iko wapi? Umeuliza watu wa kale waliiona wapi, na nadhani wengi huitafuta mahali pasipo. Iko katika 42:11, mstari ambao hausomwi msibani. Wanakuja ndugu zake wote wa kiume na wa kike, na wote waliomjua hapo kwanza, wanakula chakula naye nyumbani mwake, wanamlilia na kumfariji kwa mabaya yote ambayo Bwana alikuwa ameleta juu yake. Maandiko hayaoni haya kusema hivyo. Na kila mmoja anampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa: ni rambirambi. Tufani imesema yake, lakini mkono wa kumshika ulikuwa wa ndugu, na mezani.

Mwishoni mifugo inarudi mara mbili. Kondoo 7,000 wanakuwa 14,000, ngamia 3,000 wanakuwa 6,000. Watoto hawarudi mara mbili. Ni saba na watatu, idadi ileile ya kwanza. Sijaona sababu ya kuamini kwamba wale wa pili waliziba nafasi ya wale waliofukiwa na nyumba, na mwandishi hadai hivyo.

Kuhusu cha kusoma na wanawe marehemu, ningeiacha sura ya 38 kwa sasa. Kwako wewe, jaribu Zaburi 69, mistari mitatu ya mwanzo na ya 14 na 15: maji yamefika hadi nafsini, ninazama matopeni pasipo pa kusimama, mkondo wa maji usinigharikishe. Iliandikwa na mtu wa nchi ambayo mvua hunyesha vilimani, na korongo hufurika chini kwa waliokuwa wakiona anga jeupe. Inaweza kukuuma, hivyo isome ukiwa na mtu. Ukifika mstari wa 22, panaanza laana juu ya maadui. Unaweza kuishia kabla yake. Kwa watoto, Zaburi 42 ni nyepesi zaidi. Inaanza na ayala anayetamani maji, inataja machozi yaliyokuwa chakula mchana na usiku, na katika mstari wa 7 inakubali kwamba mawimbi yote na gharika zote zimepita juu ya anayeomba. Waulize wamesikia nini kabla hujawaeleza kitu.

Wakiwa wakubwa kiasi, wapeni Ayubu 6 na 14 kabla ya 38, kwa mpangilio huo, ili wamsikie kwanza mwenye msiba. Na kama ukoo utakaa kufanya kumbukumbu ya mwaka, mwendee mhubiri mapema, kwa heshima zote, umwombe asome 42:7 hadi 11. Ni mistari mitano, haichukui hata dakika mbili, na baada yake inafaa sana watu wale pamoja.